Barua ya wazi kwa wadhamini wa Chuo cha Berea: watoto wa kambini wako jirani yenu

Waheshimiwa wajumbe wa Bodi ya Wadhamini, na Mheshimiwa Rais wa Chuo,

Nakala ya Kiingereza ya barua hii imeshatumwa ofisini kwenu. Hii ya Kiswahili nimeiacha wazi ili wazazi ninaowasemea waisome wenyewe na wajue nimeomba nini kwa niaba yao. Mimi ni mzazi, na ni mkalimani hapa Lexington. Kazi yangu inanikalisha kati ya walimu wa sekondari na familia za Wakongo, watu wa Fizi, Uvira, Baraka na Minembwe, ambao wengi wao walikaa miaka mingi katika kambi za wakimbizi, Nyarugusu kule Kigoma, au Nakivale na Kyangwali kule Uganda, kabla ya kuletwa Kentucky. Katika shule za umma za mji huu, ukiondoa Kiingereza na Kihispania, Kiswahili ni kati ya lugha zinazozungumzwa zaidi nyumbani kwa wanafunzi. Kutoka hapa hadi kwenu ni kama maili 40 kwa barabara kuu ya I-75.

Ninachoomba ni kwamba mje mwafuate watoto hawa. Mje na watu wanaoweza kuongea na wazazi wao kwa lugha wanayoielewa, na muwe na mtu ofisini anayejua kusoma makaratasi ya kambini. Sababu ya kuliomba jambo hili kwenu, wala si kwa chuo kingine, imo katika historia yenu wenyewe, na naomba mnivumilie nikiieleza kwa urefu, kwa kuwa wengi watakaosoma barua hii hawajawahi kulisikia jina la Berea.

Berea ni chuo kidogo cha binafsi, chenye wanafunzi kama 1,500, pembezoni mwa milima ya Appalachia. Mwanafunzi hapo hasomi fani moja tu. Anayetaka kuwa muuguzi atapita pia kwenye historia, falsafa, dini na sanaa. Anayetaka kuandika mashairi atakutana na biolojia na hesabu. Vyuo vya namna hii viko vingi Marekani, na aghalabu ni vya watoto wa wenye nacho. Berea ni tofauti kwa mambo mawili. Hakitozi ada ya masomo, tangu mwaka 1892. Na kila mwanafunzi, awe nani, anafanya kazi chuoni kwa saa zisizopungua 10 kwa wiki, na kazi hiyo inasimamiwa na kutathminiwa kama yanavyotathminiwa masomo.

Mwanzilishi wake, John Gregg Fee, alizaliwa mwaka 1816 katika kaunti ya Bracken, hapa hapa Kentucky, na baba yake alikuwa anamiliki watumwa. Kijana alikwenda kusoma theolojia Cincinnati, akarudi anahubiri kwamba utumwa ni dhambi, na baba yake akamnyima urithi. Cassius Clay, mwenye ardhi wa kaunti ya Madison aliyepinga utumwa kwa sababu zake za kisiasa, alimpa kiwanja kwenye tuta lililokuwa pori. Mwaka 1855 Fee na wenzake wakafungua pale shule ya chumba kimoja, ambayo Jumapili iligeuka kanisa. Katiba ya chuo iliyoandikwa mwaka 1859 ilisema waziwazi kwamba chuo kinapinga umiliki wa watumwa na ubaguzi wa matabaka. Kuandika maneno hayo ndani ya jimbo la watumwa kulikuwa na gharama. Desemba ya mwaka huo huo, miezi miwili tu baada ya John Brown, mpinga utumwa, kushambulia ghala la silaha la Harpers Ferry, wanaume wapatao 60 wenye bunduki walifika Berea wakiwa juu ya farasi na kuwapa walimu siku kumi za kuondoka katika jimbo. Wakaondoka na watoto wao katikati ya baridi, wakavuka mto Ohio.

Kwa hiyo waanzilishi wenu wenyewe walikuwa wakimbizi. Sijui kama mnalisema hivyo mnapowakaribisha wanafunzi wapya, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kisha vikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na ikaja Camp Nelson. Hapa ndipo naomba mnisikilize zaidi ya pengine popote katika barua hii.

Camp Nelson ilikuwa ghala na kambi ya jeshi la Muungano, yaani la serikali ya Rais Lincoln, kando ya mto Kentucky, kusini ya Lexington. Kuanzia mwaka 1864 wanaume Weusi walimiminika hapo kujiandikisha jeshini, maana aliyejiandikisha alikuwa huru. Zaidi ya 10,000 walipitia kambi hiyo. Wake na watoto waliwafuata, lakini wao sheria haikuwaachia huru, kwa sababu tangazo la Rais Lincoln la kuwaacha huru watumwa halikuigusa Kentucky, jimbo lililobaki ndani ya Muungano. Basi familia zikajenga vibanda, na jeshi likawa linawafukuza, wanarudi, linawafukuza tena. Mwishoni mwa Novemba 1864, wakati wa baridi kali, kamanda wa kambi aliamuru wanawake na watoto wapatao 400 watolewe nje kwa mabehewa ya farasi, na vibanda vyao vikabomolewa na kuchomwa. Wengine waliachwa njiani bila paa. Wakafa 102.

Askari mmoja aliyeitwa Joseph Miller alitoa ushahidi wa kiapo, na ushahidi huo upo hadi leo. Mwanawe wa miaka saba hivi alikuwa anaumwa. Alimwambia askari aliyekuja kuwatoa kwamba mtoto akitolewa kwenye baridi atakufa. Akajibiwa kwamba wasipopanda gari watapigwa risasi wote. Usiku, baada ya zamu, Miller alitembea maili sita hadi Nicholasville kuwatafuta, akawakuta katika nyumba ya ibada ya watu Weusi, wamebanana, moto haufiki kwa wote, na mtoto wake ameshakufa. Alirudi kambini usiku ule ule kwa sababu alikuwa na amri ya kuripoti. Kesho yake akatembea tena, akachimba kaburi kwa mikono yake na kumzika mwanawe.

Niliwahi kuutafsiri ushahidi huo kwa sauti, sentensi kwa sentensi, mbele ya wazazi wetu waliokwenda kuitembelea Camp Nelson, ambayo tangu mwaka 2018 ni kumbukumbu ya kitaifa. Hakuna aliyehitaji kuelezwa kambi ni nini. Baba mmoja aliniuliza tu: yule askari, baada ya hapo, alipata watu wa kumsaidia?

Fee alikuwa kambini tangu Julai 1864. Aliwafundisha askari kusoma na kuandika, na baada ya maafa ya Novemba alikuwa miongoni mwa waliodai familia zijengewe makazi na shule. Alimleta mwalimu Mweusi, Belle Mitchell, binti wa miaka kumi na minane kutoka Danville, na akamketisha meza moja na walimu na maofisa Wazungu. Wakainuka, wakasusia chakula, wakadai aondolewe. Fee alikataa. Siku aliposafiri, wakamfukuza yule binti. Belle Mitchell baadaye aliishi hapa Lexington, na mwaka 1892 alishiriki kuanzisha kituo cha kulea watoto Weusi yatima.

Vita vilipokwisha, Fee alirudi kwenye tuta lake, na hakurudi peke yake. Aliwaita watu wa Camp Nelson waje Berea, wanunue viwanja, wasomeshe watoto. Angus Burleigh, sajenti aliyekuwa kambini, alialikwa na Fee mwenyewe, akaja, akahitimu mwaka 1875. Wanafunzi Weusi wa kwanza walipoingia darasani mwaka 1866, baadhi ya Wazungu waliinuka wakatoka. Chuo hakikuwabembeleza. Katika mwaka wa masomo wa 1866–67 kulikuwa na wanafunzi 187: Weusi 96 na Wazungu 91. Waheshimiwa, watoto wa kambini, pamoja na Weusi wenzao, ndio waliokuwa nusu ya chuo chenu siku zile. Hawakuja kama wageni wa heshima wala kama kielelezo cha ukarimu. Walikuwa ndio chuo chenyewe.

Yaliyofuata mnayajua, na hayakuwa mazuri yote. Chini ya Rais William Goodell Frost, aliyeongoza kuanzia 1892 hadi 1920, chuo kiligeuza uso kuelekea Wazungu maskini wa milimani. Watu hao walistahili shule, hilo halina ubishi, na kazi iliyofanyika milimani ni kubwa. Lakini Weusi wakawa wachache kati ya wengi hata kabla sheria haijawaondoa. Sheria yenyewe ilikuja mwaka 1904, iliyopelekwa bungeni na mbunge Carl Day wa kaunti ya Breathitt, ikapiga marufuku Weusi na Wazungu kusoma shule moja. Carter G. Woodson, aliyekuja kuitwa baba wa historia ya watu Weusi Marekani, alikuwa amehitimu Berea mwaka mmoja tu kabla ya hapo. Chuo kilikwenda mahakamani, na mwaka 1908 kikashindwa katika Mahakama Kuu ya nchi. Jaji John Marshall Harlan, mwana wa Kentucky, alikuwa kati ya waliopinga hukumu hiyo.

Jambo lililofanyika baada ya hukumu ndilo linalonihusu zaidi, kwa sababu linaeleza mashaka ninayokutana nayo katika kila nyumba ninayoingia. Berea kilibaki na Wazungu. Kwa ajili ya Weusi kikachangisha fedha na kujenga shule nyingine karibu na Simpsonville, Lincoln Institute, iliyofunguliwa mwaka 1912. Na shule ile haikupewa masomo ya chuo. Mkazo ulikuwa ufundi, kilimo, kazi za nyumbani na ualimu. James Bond, mhitimu wenu na mdhamini katika bodi hii hii, alizunguka akichangisha ili angalau watoto wawe na mahali. Hivyo mikono ikapelekwa upande mmoja na vitabu vikabaki upande mwingine, na kilichoamua nani aende wapi kilikuwa rangi.

Mzazi wa Kikongo hajaisoma habari hiyo, lakini anaijua. Babu yake alisomeshwa chini ya Wabelgiji, ambao walijenga shule nyingi za msingi na za ufundi, na walipoondoka mwaka 1960 Wakongo waliohitimu chuo kikuu hawakuzidi 20 katika nchi nzima. Yeye mwenyewe shuleni alipewa jembe kama adhabu, au alitumwa kulima shamba la mwalimu. Sasa mwambie kwamba kuna chuo ambapo mwanawe atapewa kazi ya kufagia, kupika, kutunza bustani au kupokea wageni hotelini. Atakuuliza, kwa heshima zote, kama mtoto wake amevuka bahari ili awe kibarua.

Nimejifunza kumjibu kwa kumsimulia niliyoyaona nilipoitembelea karakana yenu ya fagio, iliyoanzishwa mwaka 1920. Kijana mmoja alikuwa ameufunga mpini kwenye mashine, anakanyaga pedali kwa mguu huku mkono mmoja ukipanga mabua ya mtama wa fagio na mwingine ukiukaza waya. Alipomaliza kufunga akalihamishia fagio kwenye jiriwa, akalibana likawa bapa, akaanza kulishona kwa sindano ndefu na uzi mwekundu, mshono juu ya mshono, bila kuangalia saa. Nilimuuliza anasoma nini. Kemia. Kisha akanionyesha mshono mmoja uliokwenda kombo na kuniambia fagio hilo halitauzwa, atalifumua na kulishona upya. Aliyekuwa jirani yake alikuwa mtoto wa mchimba makaa ya mawe. Wote wawili walikuwa na mtihani kesho yake. Hapo ndipo nilipoelewa kinachofanya kazi yenu iwe na heshima: inafanywa na kila mtu, na anayeifanya ana vitabu vyake mfukoni. Kazi hiyo ikiwa ya wote, haimshushi mtu. Ikiwa ya baadhi, ni utumwa wenye jina jipya.

Kwa hiyo naomba pia msiilegeze. Najua vyuo vingi vinavutwa kuzigeuza kazi za wanafunzi ziwe za ofisini tu, zile zinazopendeza kwenye wasifu wa kazi. Mtoto wa Nyarugusu na mtoto wa kaunti ya Harlan kule milimani washike fagio moja, kisha waingie darasa moja la falsafa.

Sasa nieleze vizuizi, kwa kuwa wema wa moyo peke yake hauwafikii watu.

Kizuizi cha kwanza ni hilo neno bure. Mama mmoja ninayemsaidia, anayefanya kazi usiku kwenye ghala la mizigo, aliisikiliza habari ya Berea hadi mwisho, akaweka kikombe chini na kuniuliza: “Na kisha watatuomba nini?” Kwetu husemwa rahisi ghali, sembuse cha bure kabisa. Hofu yake ina msingi. Mtoto wa jirani yake aliingia chuo kimoja, nisichokitaja, kilichomwahidi mengi, akatoka baada ya mwaka mmoja na deni ambalo baba yake hana namna ya kulilipa. Mtu aliyeungua hivyo haridhishwi na karatasi ya rangi iliyotumwa kwa posta. Anahitaji mtu aketi naye, amweleze kwamba ada ya masomo haitozwi, kwamba chumba na chakula ni hesabu nyingine na inafanywa namna gani, na kwamba fedha zinatoka wapi. Mwelezeni habari ya 1920, bodi ilipoamua kwamba mali zinazoachwa kwa chuo katika wasia bila masharti ziwekwe kwenye mfuko wa kudumu badala ya kutumiwa. Mfuko huo leo umepita dola bilioni moja, na mapato yake ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya gharama za masomo. Wazazi wetu wanaelewa vizuri sana habari ya mtu kuacha mali kwa ajili ya watoto asiowajua. Wasichokielewa ni zawadi isiyo na mwenyewe.

Kizuizi cha pili ni makaratasi. Watoto wengi wana tarehe moja ya kuzaliwa, Januari 1, kwa sababu ndiyo iliyoandikwa kambini pale ambapo mzazi hakuwa na cheti. Wengine walisoma kwa mtaala wa Kongo ndani ya Tanzania, kwa Kifaransa, na vyeti vyao vimepigwa mihuri ambayo mtu wa ofisi ya udahili Kentucky hajawahi kuiona. Walipofika hapa waliwekwa darasa kulingana na umri, wakajifunza Kiingereza na aljebra kwa wakati mmoja. Alama za mwaka wa kwanza ni mbaya. Za mwaka wa nne ni nzuri. Ukichukua wastani unapata mwanafunzi ambaye hayupo, asiyefanana na yule wa mwanzo wala yule aliye mbele yako. Naomba awepo mtu wa kusoma mstari ule unavyopanda.

Kizuizi cha tatu ni fomu, na hiki nitakipita haraka maana kila mzazi maskini wa nchi hii anakijua. FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa fedha za masomo kutoka serikali ya Marekani, ikijazwa na mtoto wa miaka kumi na saba kwa niaba ya wazazi wasiosoma Kiingereza, kosa moja linatosha kuchelewesha kila kitu hadi Agosti.

Dawa ya haya yote mnayo tayari. Mpango wenu wa kazi unaweza kuwa na nafasi za wakalimani na washauri, wanafunzi wenu wanaojua Kiswahili, Kinyarwanda au Kifaransa, waje Lexington katika saa zao za kazi, waketi na familia, wajaze fomu pamoja nazo, na watathminiwe kwa kazi hiyo kama anavyotathminiwa anayeshona fagio. Haihitaji jengo jipya wala ofisi mpya. Na mwanafunzi aliyepitia kambini akirudi kwa wazazi wenzake na kusema mimi nasoma pale, hatadaiwa uthibitisho zaidi ya huo.

Najua ahadi yenu ya kwanza ni kwa Appalachia, na simwombi mtu yeyote wa milimani apishe. Watoto ninaowasemea ni wakazi wa Kentucky. Wamehitimu shule za Kentucky, wazazi wao wanalipa kodi Kentucky, wanazika wafu wao katika ardhi ya Kentucky. Wahesabiwe hivyo.

Mwaka 2024 vyuo vidogo vyenye historia ndefu, kama Wells kule New York na Birmingham-Southern kule Alabama, vilifunga milango kwa kukosa fedha. Ninyi hamko katika hatari hiyo, na namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini chuo chenye akiba kinaweza kuanza kuitazama akiba yenyewe kuliko watu iliyowekewa, na wadhamini ndio pekee wenye mamlaka ya kulizuia hilo. Sheria ya Day ilipolegezwa mwaka 1950, Berea kilikuwa kati ya vyuo vya kwanza katika Kentucky kuwafungulia Weusi tena milango. Walirudi wawili watatu, si nusu ya darasa, na mwanafunzi Mweusi wa kwanza kuhitimu baada ya hapo, Jessie Reasor Zander, alihitimu mwaka 1954. Mlango ulikuwa wazi, lakini waliouingia walikuwa wachache, kwa kuwa kwa miaka karibu hamsini hakuna mtu Mweusi aliyekuwa na sababu ya kuangalia upande ule. Fee hakufungua mlango akasubiri. Alikwenda Camp Nelson.

Wazazi wetu wengi hufanya kazi zamu za usiku siku za wiki. Muda unaofaa ni Jumapili kuanzia saa nane mchana, ibada zikishaisha, na mapema mwezi wa tisa ni bora kuliko baada ya Krismasi, kwa sababu ya FAFSA. Makanisa kadhaa ya Wakongo yako tayari kutoa ukumbi. Mimi na wakalimani wenzangu tutatafsiri bila malipo. Nawaomba mtupe tarehe moja ya msimu huu, pamoja na jina la mtu wa ofisi ya udahili ambaye wazazi wataweza kumpigia simu baada ya kikao.

Kwa heshima,

Mzazi na mkalimani,
Lexington, Kentucky